Bes Asiye na Macho

Mwezi wa kwanza wa mafuriko, siku ya 3

Sikukuu ya mwaka mpya imekwisha na kichwa bado kinaniuma. Naandika haya kwenye kibapa cha jiwe la chokaa nilichookota njiani, maana mafunjo ni ya karani na karani wetu ni mchoyo. Vibapa nitavitupa kikapuni. Atakayetaka kuvisoma nikishakufa na avisome.

Leo Tanefer, binti yangu pekee, amekuja na mkate wa tende. Ana mimba. Kwa hesabu ya dada yangu Wabet, ambaye ndiye mkunga wetu hapa kijijini, atajifungua mwezi wa nne, maji yakianza kurudi mtoni. Amekuja kuniomba nimchoree Bes, mungu mlinzi wa wanaojifungua na watoto wachanga, kwenye ukuta wa kitanda cha matofali cha chumba chake cha mbele. Ndiyo desturi yetu: kitanda cha mzazi wa mara ya kwanza huchorwa na baba wa mwanamke. Na mimi ni mchoraji wa makaburi ya wafalme, ningekataa vipi?

Ningeweza kukataa. Tangu aolewe na Hori miaka miwili iliyopita sijakanyaga kwake. Hori ni mchota maji. Si mtu wa kijijini; amezaliwa kule chini mashambani, na kazi yake ni kupandisha mitungi kwa punda mpaka kwetu jangwani, ambako hatuna hata tone letu wenyewe. Miaka thelathini nimeufundisha huu mkono, halafu mwanangu anaolewa na mtu anayenuka punda.

Nimesema nitakwenda.

Siku ya 9

Siku ya mapumziko. Nimekwenda.

Nikachora kwanza kwa wekundu, kisha kwa weusi. Miguu ya upinde, tumbo mbele, nywele na ndevu za simba, ulimi nje, mkia unaburuza chini, kisu huku na kisu huku. Nikisema kazi ilikuwa nzuri sijisifu. Kazi ya Bes ni kuwatisha wanaotutisha: nyoka, nge, na wale wasio na jina wanaokuja kunyonya pumzi ya mtoto. Miungu wengine wote tunawachora wakitazama kando, jicho moja kila mmoja. Bes peke yake anatutazama usoni. Ndiyo maana macho yake huwekwa mwisho. Yakishaingia, ameamka, kabla ya hapo ni rangi tu ukutani. Na mkono uliomwanza ndio unaotakiwa kummaliza. Hili kila mchoraji hapa analijua tangu utotoni.

Nilikuwa nachanganya weusi kwa ajili ya macho Hori alipoingia, mabega yamelowa maji.

"Karibu, baba. Leo nyumba imepata heshima." Akasogea ukutani, akainamisha kichwa upande. "Ila huyu mzee mbona nimeshamwona mahali?"

"Wapi?" nikamuuliza.

"Pale mlangoni kwako. Kila nikichelewesha maji."

Tanefer akacheka mpaka akajishika tumbo. Nisingeumia kama yeye asingecheka.

Hori akatoka kwenda kumlisha punda. Nikaosha brashi yangu.

"Baba, na macho?" Tanefer akauliza.

"Macho nitaweka siku mumeo atakapokuja kwangu, asimame mlangoni, aniombe kwa heshima."

"Baba, ni utani tu ule. Yeye hutania kila mtu."

"Mimi si kila mtu. Aje aniombe."

Alinitazama, macho ya mama yake yale yale. Halafu akasema, "Nimekusikia," akachukua ufagio akaanza kufagia chini ya miguu yangu kana kwamba nimeshaondoka.

Siku ya 12

Kazini bondeni, kwenye makaburi. Nimechora miungu kumi na mmoja, macho kumi na moja. Hori hajaja.

Siku ya 16

Hori hajaja. Yaani, kuja anakuja kila siku. Anamimina maji kwenye mtungi wangu mlangoni, anasema "Umeamkaje, baba," nasema "Salama," anakwenda. Lakini kuniomba hajaniomba.

Siku ya 20

Sikukuu ya ulevi. Nimeisherehekea.

Siku ya 21

Hakuna cha kuandika. Mkono unatetemeka kwa sababu ya jana.

Siku ya 29

Maji yamefika kwenye mashamba yote ya chini. Ukipanda mlimani unaona vijiji vimebaki kama vigae vilivyotupwa ndani ya bakuli. Hori sasa anatembea nusu ya njia ya zamani, kwa kuwa mto umemfuata. Mtungi wangu unajaa kupita kipimo changu. Nadhani anataka kunilainisha. Sitalainika.

Mwezi wa pili, siku ya 7

Macho bado.

Siku ya 15

Wabet amekuja asubuhi, ananinong'oneza mbele ya majirani, na kunong'oneza kwake husikika mpaka ukuta wa kijiji.

"Kenna, mimi nimeingia kwa yule mtoto jana. Yule Bes pale kitandani ni kipofu."

"Najua. Mimi ndiye niliyemchora."

"Sasa unamngoja nani?"

"Namngoja mumewe aje kuniomba. Mwezi wa nne bado uko mbali. Ana midomo ya kutania, hana midomo ya kuomba?"

"Mdogo wangu," akasema, "nimekubeba mgongoni, nakujua. Ungekuwa wewe ndiye uliyeumba ulimwengu, mpaka leo tungekuwa gizani tunasubiri mtu akuombe jua."

Majirani wakacheka. Nikaingia ndani.

Siku ya 22

Mungu mkubwa wa ng'ambo ya mto anatembezwa kwa sherehe na sisi tumepewa siku za mapumziko. Kijiji kizima kinanukia mkate na bata wa kuchoma. Nilikunywa kidogo, kiasi cha kumfanya mtu awe mwema.

Adhuhuri nikachukua brashi na kidau cha wino, nikatembea njia yetu moja mpaka karibu na lango, kwenye nyumba ya Tanefer. Nilishaamua. Nilikuwa niingie, niweke macho mawili, ninywe bia, yaishe. Nikafika mlangoni na mkono umeshainuka kubisha.

Ndani nikasikia Hori anasema kitu kwa sauti ya chini, kisha nikasikia jina langu, Kenna, kisha wote wawili wakacheka. Wakacheka sana, hasa Tanefer, kicheko cha kukosa pumzi.

Nikarudi nyumbani. Wino wote ulikaukia kidauni.

Siku ya 23

Anicheke tu. Bes wake hana macho.

Nimeisoma tena sentensi hiyo na haipendezi, lakini chokaa haifutiki vizuri.

Siku ya 30

Bondeni. Mvua hatuna, ila upepo unaleta mchanga kaburini na rangi inakataa kukauka safi. Macho bado.

Mwezi wa tatu, siku ya 6

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo maneno machache.

Nge amenichoma mkono wa kulia pale kwenye vibanda vya mlimani tunapolala wakati wa kazi. Nilikuwa nimelala chini, povu mdomoni, wenzangu wanasoma maneno ya kufukuza sumu na kuyasahau katikati. Hori alikuwa anapandisha maji. Akaimwaga mitungi yote sita mchangani bila hata kuuliza, akanifunga kwenye punda, akanishusha mbio.

Njiani aliendelea kuongea ili nisilale. "Usilale, baba. Nitukane. Niite mpuuzi. Si huwa unataka? Leo ruhusa."

Nikamwita mpuuzi. Nadhani nililia.

Siku ya 8

Wabet ananiambia kuwa msimamizi wa wachota maji alimpiga Hori fimbo kumi kwa ile mitungi sita. Watu arobaini walikaa na kiu mpaka jioni.

Hori mwenyewe alikuja leo na maji kama kawaida. Anatembea akijikaza mgongo.

"Hori."

"Naam, baba."

"Mkono ukipona nakuja kwako."

"Karibu. Nyumba ni yako."

Nilingoja aseme neno, hata moja, kuhusu macho. Ningemwambia hakuna haja ya kuniomba. Akamimina maji, akamsukuma punda, akaenda. Nikasema moyoni: mtu huyu ana kiburi kuliko mimi. Na safari hii nilimheshimu kwa hilo.

Siku ya 12

Nimejaribu kuchora mstari kwenye kibapa. Umetoka kama njia ya mchwa.

Nakhi, mchoraji mwenzangu, akaniona. "Hebu nikakuwekee hayo macho, Kenna. Ni kitendo cha kupepesa tu. Dua nitasoma, jina lako nitalitaja."

"Mkono mwingine hauingii kwenye kazi yangu."

"Kwenye kazi yako au kwenye kitanda cha mwanao?"

Nakhi ana macho makubwa ya samaki, na hata miungu wake wanayo. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Siku ya 17

Mstari umenyooka! Mkono umerudi. Tanefer nimemwona akipita na kikapu cha vitunguu, tumbo limeshuka, uso umemvimba kidogo. Nikamwita. Akaja, akanishika huu mkono, akaugeuza kuuangalia.

"Umepona, baba."

"Nimepona. Nitakuja siku ya 19, mapumziko."

"Nitakupikia dengu."

Hakutaja macho na mimi sikuyataja. Nilifurahi kwa hilo, eti tumeelewana.

Siku ya 19

Mapumziko yamefutwa. Waziri wa Mfalme anakuja kukagua kaburi na wote tumepandishwa bondeni. Nitakwenda siku ya 29.

Ningeweza kuomba ruhusa ya nusu siku. Karani ana kibapa cha waliokosa kazi na sababu zao: huyu anaumwa, huyu kachomwa na nge, Nakhi mwezi uliopita alibaki nyumbani kutengeneza bia na hakuna aliyesema neno. Lakini waziri atasimama mbele ya ukuta wangu. Nilitaka kuwepo akisimama.

Siku ya 24

Waziri amekuja. Amesimama mbele ya ukuta wangu muda wa kupiga chafya mbili, akasema, "Vumbi ni jingi," akatoka.

Siku ya 27

Nitayaandika haya yote hata kama kikapu kitajaa.

Asubuhi mchota maji mwingine, si Hori, alipandisha maji vibandani. Nikamuuliza mwenzake yuko wapi. Akasema, "Mkewe ana uchungu tangu juzi." Tangu juzi, na mimi nilikuwa napaka bluu kwenye kilemba cha mungu.

Sikuomba ruhusa. Nilishuka na brashi mkononi na kidau kimefungwa kiunoni, wino ukinimwagikia pajani njia nzima. Nilipofika, mlango ulikuwa umefungwa kwa mkeka. Ndani ni wanawake watupu. Mwanaume haingii pale mpaka siku kumi na nne zipite, hata awe baba, hata awe Mfalme.

Nikamwita dada yangu. Wabet akatoa kichwa, jasho limemlowesha mpaka kifuani.

"Nipishe mara moja," nikamwambia. "Nafunga macho yangu, wewe nishike mkono unipeleke ukutani. Ni nukta mbili tu."

"Umechelewa, Kenna. Yuko juu ya matofali ya kuzalia."

"Wabet, nakuomba."

Alinitazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani alikosa la kunitania. "Kaa na mkweo," akasema, akaufunga mkeka.

Hori alikuwa amekaa chini ukutani, magoti kifuani. Nikakaa kando yake. Jua lilikuwa utosini na hakuna hata mmoja wetu aliyetafuta kivuli. Ndani tulimsikia Tanefer, kisha hatukumsikia, na kutomsikia kulikuwa kubaya zaidi.

"Ungekuja kuniomba," nikasema. Sijui kwa nini nilisema wakati ule. "Neno moja tu, Hori. Ningekuja siku ile ile."

Akanigeukia. "Kukuomba nini, baba?"

"Macho. Ya Bes."

"Si ulisema rangi ya macho lazima ingoje ukuta ukauke?"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Tanefer. Tangu mwezi wa kwanza. Kila nikiuliza ananiambia ukuta bado. Mimi nikawa nawaambia wenzangu, baba mkwe hana haraka, ndiyo maana kazi yake ni nzuri. Kumbe kulikuwa na kuombwa?"

Akakaa akifikiri, na nikaona jambo linavyomwingia polepole. Mwanangu hakutaka mumewe asimame mlangoni kwangu kama mtumwa. Hakutaka pia mumewe anichukie. Kwa hiyo miezi mitatu alilala na kipofu yule kando ya kichwa chake na kusema ukuta bado.

"Baba," Hori akasema mwishoni, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Ningekuomba. Ningekuja na kupiga magoti. Mimi kupiga magoti kunanigharimu nini? Nampigia punda kila siku nikifunga mizigo."

Kisha akaanza kuongea tu, kama alivyoniongelesha nilipochomwa na nge. "Tulipanga akiwa wa kiume aitwe Kenna. Siku za sherehe ile, tumekaa tunakula, nikamwambia basi atazaliwa kanuna, atadai maji kabla ya kunyonya. Alicheka yule, mpaka nikaogopa atajifungua pale pale."

Nilikuwa mlangoni siku ile, na mkono umeinuka. Sikumwambia. Nimekiandikia kibapa tu.

Kabla ya jua kushuka Wabet akatoka. Mikono yake alikuwa ameshaiosha. Akasema Tanefer yu hai, amepoteza damu lakini yu hai. Akasema alikuwa wa kiume. Akasema hakuvuta pumzi.

Siku ya 28

Watoto kama yeye tunawazika kwenye mteremko wa mashariki, kwenye kikapu au mtungi. Hori akaleta mtungi wake wa maji, ule mzuri usio na ufa, akakata mdomo wake kwa tindo taratibu mpaka mtoto akatosha. Akaufuta vumbi kwa kiganja.

"Chora kitu, baba," akaniambia. "Asiende peke yake."

Nikachora Bes, mdogo, wa kiganja kimoja. Nilianza na macho. Miaka thelathini sijawahi kuanza na macho, na yalivyotoka, ndevu na ulimi vilibidi vijipange kuyazunguka. Hori alishika mtungi usitikisike. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, nikauchukia.

Mwezi wa nne, siku ya 2

Karani ameniandika: "Kenna, hayupo. Binti yake." Nimekiona kibapa. Maneno mafupi hivyo, na wino wake haukuisha.

Siku ya 5

Napeleka mkate mpaka kwenye mkeka na kuuacha. Wabet anauchukua. Anasema Tanefer anakula. Nimemuuliza kama amenitaja. Amesema, "Anakula, Kenna. Ridhika."

Siku ya 8

Maji yanarudi. Matope yameanza kuonekana.

Siku ya 9

Nilimngoja Hori mlangoni, nikampokea mitungi mwenyewe. Mizito. Sikuwahi kujua ina uzito gani.

Siku ya 11

Siku zimetimia na mkeka umeondolewa. Nilikwenda mapema na brashi na wino mpya. Sikujua ninamwekea macho nani sasa, lakini sikuwa na kitu kingine cha kubeba.

Tanefer alikuwa amekaa kitandani, amekonda, amevaa kitambaa cheupe. Hori alikuwa anachochea moto uani. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, nikayasahau yote pale mlangoni, kwa sababu Bes alikuwa ananitazama.

Alikuwa na macho. Si ya brashi. Yalikuwa ya wanja, wanja wake Tanefer wa kujipamba, yamepakwa kwa kidole. Moja kubwa, moja dogo. Lile dogo limejikunja pembeni, na alama ya kidole imeburuzika mpaka shavuni.

"Nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Mimi. Siku ya kwanza ya uchungu, kabla shangazi hajafika. Nilikungoja, baba, halafu nikaona siwezi tena kungoja." Alisema kawaida, kama mtu anayeeleza mkate ulivyoungua. "Najua mkono mwingine hautakiwi. Nilidhani labda damu ni moja, atakubali."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia kosa ni langu, lote, tangu siku ile nilipoosha brashi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema si kosa lako, na hakusema ni kosa lako.

Kisha nikafungua kidau. "Niyanyooshe. Yakae sawa."

"Usiyaguse, baba." Akaweka kiganja juu ya brashi yangu, mkono wake mwepesi kuliko mkate. "Huyu ndiye aliyekuwa na mimi. Rudisha kidau, uje ule dengu. Nilikuahidi."

Hori akaleta bakuli, akanipa kwanza mimi. Nikala nikiwa nimekaa mbele ya ule ukuta, na kila nikiinua uso, macho yale ya wanja yapo; lile kubwa linamwangalia aliye kitandani na lile dogo halimwangalii.

Nikamuuliza kwa nini hili moja limegeukia mlangoni. Tanefer akasema siku ile alilichora bila kutazama ukuta. Alikuwa anautazama mlango, akidhani labda ni mimi nakuja.